Bahari aivuke mzima: kuchagua mtaa wa kuishi Amu

Swali: Nimehamishwa kutoka Machakos kwenda kufanya kazi katika ofisi za kaunti, Mokowe, upande wa bara ng'ambo ya kisiwa cha Lamu. Nakuja na watoto wawili, wa miaka 11 na 6, pamoja na mama yangu mwenye miaka 71 anayesumbuliwa na magoti na presha. Mume wangu atatufuata mwakani. Kwa kodi nimetenga shilingi 20,000 kwa mwezi. Dalali mmoja anataka nitume amana ya ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe, Mkomani. Mwingine anasifu Shela. Wafanyakazi wenzangu wanasema nisijisumbue na maboti, nipange huko huko Mokowe. Sijawahi kufika Lamu. Nichague wapi? Na sisi Wakristo kutoka bara tutaishi vipi na majirani?

Jibu: Dada yangu, karibu Amu, ndio mji wa Lamu, hata kabla hujafika. Nimezaliwa Langoni, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa mipango ya miji na ukaguzi wa nyumba. Walimu, wauguzi na maafisa wengi wanaohamishiwa huku wamenijia na swali kama lako, na karibu wote huniuliza habari za nyumba tu. Wewe umenitajia magoti ya mama, na hapo ndipo ninapotaka kuanzia.

Wenzako wa ofisini wanahesabu safari yako wewe, na hesabu yao ni sahihi. Ukipanga Mokowe utatembea hadi kazini, hutalipa nauli ya boti, wala hutalowa upepo wa kusi ukivuma. Mokowe siidharau hata kidogo. Vyumba ni vipana, gari linafika mlangoni, na tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lilipofunguliwa Kililana mwaka 2021 mji huo unakua kwa kasi. Kijana asiye na mtu wa kumtegemea ningempeleka huko bila kusita. Lakini jiulize ni nani mwingine wa nyumbani mwako atakayelazimika kuvuka maji, na saa ngapi.

Hospitali ya rufaa ya kaunti, King Fahd, iko huku kisiwani. Mokowe kuna kituo cha afya, nacho kinasaidia mengi. Ila usiku mama presha ikimpanda hadi ahitaji daktari na kitanda cha hospitali, yeye ndiye atakayevuka bahari, amelazwa ndani ya boti, na wewe umemshika kichwa huku ukimtafuta nahodha kwa simu. Mkiishi Amu, wa kuvuka ni wewe, mzima, mchana, pamoja na watumishi wenzako wanaofanya hivyo kila siku. Kwa familia yenye mzee au mtoto mchanga mimi huiweka kanuni hii mbele ya kodi na mbele ya uzuri wa nyumba: bahari aivuke mzima mchana, asiivuke mgonjwa usiku. Kwa hiyo kwako wewe jibu ni kisiwani, tena mjini, na kazi iliyobaki ni kutafuta mtaa.

Safari yenyewe isikutishe. Boti la kawaida kutoka gati la Amu hadi Mokowe huchukua kama nusu saa, na boti la kasi dakika kumi hivi. Maji ya njia hiyo yamekingwa na visiwa, si bahari kuu. Nauli iingize katika kodi tangu mwanzo. Kila shilingi 100 unayolipa kwa safari moja, kwenda na kurudi, kwa siku 22 za kazi, inakuwa shilingi 4,400 kwa mwezi. Uliza nauli ya sasa gatini, si kwa dalali, kisha uitoe katika zile 20,000. Nyumba yako ni ile inayolipika kwa kilichobaki, baada ya kutoa na cha maji, ambayo nitayafikia.

Shela nitaipita haraka. Ni kijiji kizuri, kusini mwa mji, umbali wa kilomita tatu hivi. Lakini ungekuwa na safari mbili kila asubuhi, ya kufika Amu kwanza na ya Mokowe baadaye, na njia zake nyingi ni za mchanga, ambao goti bovu haliupendi. Tena nyumba nyingi za Shela zinaishi kwa wageni. Mwenye nyumba atakupangisha vizuri Mei, wakati wa mvua na hakuna mtalii, na Desemba ikikaribia akuombe umpishe. Nimeona familia zikihamisha vyombo mara mbili kwa mwaka mmoja kwa sababu hiyo. Nilitaje na jambo linaloniuma kama mtu wa mipango: vile vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyonywa mvua na kuihifadhi chini, na maji matamu yanayonywewa mjini yanatoka huko. Kila ukuta unaopandishwa juu ya vilima hivyo unatugusa sote tunaochota.

Sasa nyumba ya mawe. Dalali hakudanganya aliposema ni nzuri. Mkomani ndicho kiini cha mji mkongwe uliotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, na nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta ni nene, ndani ni baridi hata Februari, na ghorofa ya juu hupata upepo ambao nyumba ya matofali haiujui. Lakini boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa. Ndiyo maana vyumba vya asili ni virefu na vyembamba, upana wake kwa kawaida haufiki mita tatu. Kitanda chako cha futi sita kwa sita kitaingia, kisha utapita ubavu ubavu. Kabati la milango minne halitapanda ngazi.

Na hizo ngazi ndizo zinazonifanya nikukataze. Katika nyumba nyingi za kale ni za mawe, zimesimama wima, kila kipandio ni kirefu kuliko ulivyozoea, na mara nyingi hakuna pa kushika. Mama atapandishwa siku ya kwanza, na baada ya hapo ghorofa ile itakuwa kifungo chake. Usidhani utarekebisha baadaye, kwa sababu katika mji mkongwe huwezi kubomoa ukuta wala kupanua dirisha kwa hiari yako. Kuna idhini ya kuomba, na Makumbusho ya Taifa yana neno. Ni utaratibu ninaoutetea kwa moyo wote, maana bila huo mji huu ungekwisha kugeuka. Lakini mpangaji aujue mapema.

Ukipata nyumba ya mawe ya chini, jambo hilo linabadilika, na hapo nitakuomba uzitazame kuta. Tumbawe hufyonza unyevu kutoka ardhini na kuutoa polepole kupitia chokaa. Mtu akilipaka saruji juu, unyevu hukosa pa kutokea. Utaona plasta imevimba, unga mweupe wa chumvi unachipuka, na chini ya ukuta kuna mstari mweusi kama wa maji yaliyosimama. Pitisha kiganja, kisha unuse chumba kilichokuwa kimefungwa. Mzee na mtoto wa miaka sita hawafai kulala humo, hata kama rangi ilipigwa jana. Hasa kama ilipigwa jana.

Langoni ndiko ningekutuma kwanza. Ni upande wa kusini wa ngome, na sisemi hivyo kwa sababu ni kwetu. Nyumba za huko zimechanganyika, za mawe na za matofali, nyingi ni za chini zenye ua, maduka yako karibu, na hospitali iko upande huo huo wa mji. Uko pia Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, na mwezi wa Maulidi mtaa unajaa wageni na dufu usiku kucha. Watoto wako watayakumbuka maisha yao yote. Mama mweleze mapema, ajue kelele zile ni za siku chache.

Langoni ina kasoro zake. Paa la makuti ni baridi na ni rahisi, lakini moto ukishika moja, upepo huurusha hadi la jirani, na vichochoro vyetu havipitishi gari la zimamoto. Tafuta paa la mabati au la zege, na kama yamebanana makuti pande zote, usichukue hata ukipunguziwa kodi. Kasoro ya pili ni maji ya mvua. Mji umejengwa kwenye mteremko unaotazama bahari, na vichochoro vyenyewe ndivyo mitaro. Nyumba iliyo chini kabisa karibu na ufuo hupokea kila kitu kinachotoka juu, na mvua ikinyesha bahari ikiwa imejaa, mtaro hauna pa kumwaga. Nyumba ya juu kabisa nayo itawachosha kwa mlima. Mimi ningetafuta kati, kichochoro cha pili au cha tatu juu ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya maduka, mahali ambapo mama anaweza kushuka polepole akatazama watu na kurudi bila kutafuta pa kukaa mara tatu.

Mitaa mipya ya pembezoni, kama Wiyoni, Kashmiri na Gadeni, ina nyumba za bei nafuu, na baadhi ya hao wenzako wa kazi wanaishi huko kwa raha. Pikipiki zinafika sehemu nyingi za pembezoni, jambo ambalo ndani ya mji mkongwe haliruhusiwi. Ukikosa Langoni, tazama huko, ila uliza choo na maji kwa makini zaidi. Atakayekutajia Hindi au vijiji vingine vya bara, mshukuru, kisha swali la usalama uwaulize wakubwa wako wa kazi. Hindi na Mpeketoni zilishambuliwa mwaka 2014, na tangu hapo hilo si jambo la kumuuliza dalali.

Nirudi kwenye maji, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi hukosea. "Maji yapo" ni jibu lenye maana nne Amu. Yawezekana ni mfereji (bomba) wa mji, unaotoka kwa zamu. Yawezekana ni kisima cha ndani. Yawezekana ni birika, yaani hodhi la maji, linalojazwa. Au ni punda anayeleta mitungi mlangoni, na wewe unalipa kwa mtungi. Uliza mfereji hutoka siku zipi na saa ngapi, na tangi ni la lita ngapi, kwa sababu watu wanne wenye tangi dogo watalia siku ya tatu. Maji ya visima vya katikati ya mji usiwape watoto kunywa, hata yakionekana safi kama kioo. Mji ni wa kale, nyumba zimebanana, na mashimo ya vyoo hayako mbali na visima. Ni maji ya kufulia na kudekia. Kuyajua kama yana chumvi huhitaji chombo chochote: omba kikombe na kipande cha sabuni, unawe. Sabuni ikikataa kutoa povu, ujue na maharage yako hayataiva, na chai ya Machakos utaikumbuka sana.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa. Ndiyo, mtapokelewa. Amu ni mji wa Waislamu, na umeishi na wageni wa bahari kwa karne nyingi. Wakristo wanaishi nasi, na makanisa yapo. Hakuna atakayekutaka uvae buibui. Jifunge leso juu ya nguo za nyumbani ukitoka nje, na umwambie binti yako, kama ni binti, afanye vivyo hivyo. Usipite mbele ya daka, yale mabaraza ya mawe mlangoni, bila kusalimia. Redio ipunguzwe adhana ikisikika. Mwezi wa Ramadhani watoto wasile wakitembea kichochoroni mchana. Jirani akikuletea sahani ya viazi vya nazi au mkate wa mofa, usiirudishe tupu. Weka chochote, hata ndizi mbili. Siku ya kwanza au ya pili, baada ya alasiri, mchukue mama na watoto, mpige hodi nyumba tatu za karibu, mseme mmetoka wapi na mmekuja kufanya nini. Mama azungumze yeye. Mtu mzima akijitambulisha, mtaa mzima unakuwa na deni la kumjulia hali.

Nakusisitizia hili kwa sababu wewe utakuwa ng'ambo ya maji kuanzia asubuhi hadi jioni. Mama akianguka saa tano za mchana, mtu wa kwanza kumfikia hatakuwa wewe. Kwa hiyo unapokwenda kutazama nyumba, usiitazame nyumba tu. Simama kichochoroni saa nne asubuhi uhesabu milango yenye kufuli kwa nje. Mkomani na Shela kuna vichochoro vizuri kabisa ambavyo nyumba zake zimenunuliwa na watu wanaokuja wiki chache kwa mwaka. Vimetunzwa, vina maua, na mchana hakuna mtu wa kusikia hodi. Kichochoro chako kiwe na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, sauti za watoto, na mwanamke mmoja angalau anayekuuliza, "Watafuta nani?" Huyo anayeuliza ndiye atakayekuwa jirani wa mama yako. Hata kama choo cha nyumba hiyo ni kidogo kuliko ulivyotaka, nipe hiyo.

Na dalali mwambie amana hutumi kwa simu. Sidai kuwa ni tapeli. Nyumba nyingi za hapa ni za mirathi, zina warithi watano, kumi, wengine wako Mombasa na wengine Arabuni, na nyingine ni wakfu zenye msimamizi wake. Mwalimu mmoja ninayemjua alilipa miezi mitatu kwa ndugu mmoja, na wiki ya pili akaja ndugu mwingine na mpangaji wake, mwenye risiti kama yake. Wote wawili walikuwa wakweli. Uliza nyumba ni ya nani, nani anapokea kodi kwa niaba ya wenzake, na wenzake wanajua? Mwenye nyumba halali hakasirikii swali hilo. Mkataba uwe wa maandishi, wa miezi mitatu au minne kwanza, ndipo mume wako akija achague pamoja nawe mkiwa mmeshaujua mji.

Njoo peke yako kabla, ulale usiku mbili. Chagua siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, kwa sababu ndipo bahari inapojaa sana na kupwa sana, na mji unaonyesha kila kitu. Siku hizo maji hujaa kuelekea alfajiri na tena alasiri, na hupwa saa nne, saa tano za asubuhi. Kila nyumba utakayoipenda, itokee saa kumi na mbili asubuhi ukiwa na mkoba begani, utembee hadi gatini, utazame saa yako. Ikizidi dakika kumi na tano, iache. Kisha irudie njia hiyo usiku na tochi, ukiangalia kinyesi cha punda, mitaro isiyofunikwa, na mahali ambapo mama angehitaji mkono.

Mizigo mizito ije kwa lori hadi Mokowe, ivuke kwa boti, na kutoka gatini ni mahamali, yaani wapagazi, na punda. Patana bei ya kazi yote mpaka ndani ya nyumba, si ya kila mzigo. Makabati makubwa yauze huko huko.

Mama mlete mwisho, vitanda vikiwa vimetandikwa na tangi limejaa. Naye pia mchagulie siku ya bamvua, avuke saa kumi alasiri. Maji yakiwa yamejaa boti hukaa juu, karibu na uso wa gati, na atapanda na kushuka kwa hatua chache. Yakipwa, ni ngazi nyingi zenye utelezi, na nahodha ana haraka. Mwambie nahodha mapema kwamba una mzee, akupe nafasi ya katikati, mbali na rusharusha za maji. Na kabla hujaondoka Mokowe mpigie simu yule jirani aliyekuuliza unamtafuta nani. Atatuma kijana gatini na kiti.